Mkia wa Msafara

Jumatano, 7 Agosti

Iandikwe na isifutwe: leo, saa moja na nusu asubuhi, nimekata kucha za miguu. Zote kumi. Si jambo dogo. Jumamosi wafanyakazi wote wa kiwanda chetu cha uchapaji tunapanda mlima wenye msitu, na Bosi, mama mwenye sauti ya kengele, ametangaza kwamba huko ndiko atakakomchagua msimamizi wa stoo ya karatasi. Miaka tisa nimekuwa karani wa stoo hiyo. Mpinzani ni mmoja tu: fundi jalada, tunayemwita Twiga. Miguu yake inaanzia kifuani.

Bosi kauliza nani amewahi kupanda mlima. Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nikasema nimepanda mara tatu. Twiga, mchokozi yule, akataka kujua nilipandia upande gani. Nikamjibu: upande wa kwenda juu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemweleza mke wangu. Kacheka mpaka kashika ukuta. Eti baba watoto, wewe ukiinama kufunga kamba za viatu unahema kama umekimbizwa, mlima gani huo wa kukuvumilia? Wakubwa hujibu kwa vitendo. Nimefanya mazoezi: nimezunguka meza ya chakula mara kumi na mbili. Baada ya mara ya tano palikuwa na mapumziko.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo naandika nimelala kifudifudi.

Langoni mwa msitu kiongozi wa msafara aligawa kazi. Alihitaji kichwa, wa kufuatana naye mbele, na mkia, wa kufunga nyuma. Twiga akaurukia ukichwa. Mimi nikaomba umkia, nikicheka kimoyomoyo. Mtu wa mwisho nani anamwona? Anapumzika apendavyo!

Nilijidanganya. Wenzangu walikuwa wanapumzika wakinisubiri. Nikifika tu, kiongozi anasema haya, mkia kafika, twendeni. Mara sita! Sikukaa hata mara moja. Tope likanivua kiatu. Mizizi minene kama mapaja. Ukungu. Kila nikiuliza kilele kiko wapi, najibiwa pale tu. Pale tu ya yule bwana ni kilomita nne.

Penye njia panda, kwenye mianzi, nikapata akili. Nikawaambia wasinisubiri tena, nawafuata polepole; nikawaacha wapotelee mbele, nikakaa juu ya gogo lililoota majani laini kama godoro. Mpango: wakishuka, najipaka tope magotini, najiunga nyuma. Usingizi ukanipitia.

Siafu ndio walioniamsha. Ndani ya suruali! Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Nikavua suruali, nikapiga jingine. Nikawa naizungusha hewani kuwakung'uta, huku nikimwita mama yangu kwa majina yake yote matatu.

Mara ukungu ukamtema Bosi. Nyuma yake Twiga, kijivu kama karatasi ya gazeti, na wenzangu wote. Nikajua nimekwisha. Kazi imekwenda, na suruali ninayo mkononi.

Kumbe wakati wa kushuka Twiga alimpita kiongozi kwa maringo ya miguu yake, wengine wakamfuata, wakazunguka korongoni saa nzima bila kuiona njia. Kelele zangu ndizo zilizowatoa. Kiongozi mwenyewe alitokea baadaye akikimbia, nusura alie.

Bosi kanishika mkono. Akasema tazameni mtu huyu: kabaki njia panda, kaita mpaka sauti imemkauka, hata suruali yake kaifanya bendera! Nikasema ndiyo kazi ya mkia. Twiga alikuwa anawatazama siafu waliobaki mapajani mwangu. Akafungua mdomo. Bosi akamwambia aufumbe, ametupoteza vya kutosha. Sijawahi kuipenda amri kama ile. Nikavaa suruali.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeteuliwa! Msimamizi wa stoo! Makofi yalipigwa, ya Twiga yalikuwa mawili. Bosi kaeleza kwamba alimtaka mtu wa milima makusudi. Nikamwambia milima iko kwenye damu yangu, nikaongeza bila kuulizwa kwamba katoni mbili za karatasi nazibeba begani nikipiga mluzi. Kafurahi mno. Akaandika.

Stoo inahamia ghorofa ya sita. Lifti haipo.