Malalamiko Juu ya Kufungiwa Dripu Dakika ya Saba

Kwa Mheshimiwa Daktari Mkuu, Wodi ya Saratani,

Shikamoo Daktari. Najua kwa umri nimekuzidi, lakini cheo nacho kina mvi zake.

Mimi ni yule fundi rangi wa magari, mgonjwa wa pafu, kiti cha tatu dirishani, ambaye wauguzi wako huanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nimepaka rangi magari ya mabalozi, ya maharusi na ya maiti, mengine siku moja, na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Kwa hiyo nikilalamika mimi, ujue yamenifika shingoni.

1. Jumanne iliyopita, katika dripu yangu ya saba, nilikuwa namsimulia mwalimu mstaafu wa kiti cha pili jinsi nilivyomfundisha balozi mzima kuchagua rangi. Dakika ya saba viganja vikaniwasha, masikio yakapata moto, shingo ikatoka vipele, sauti ikakata. Muuguzi tunayemwita Sista Saa, kwa kuwa jicho lake haliachani na saa, akafunga dripu bila hata kusubiri nimalizie. Nikalazwa, nikawekewa hewa, nikadungwa sindano. Mwalimu naye akasema ati wodi haijapata kutulia vile tangu nianze matibabu.

2. Nikaambiwa nashukiwa kuwa na mzio. Mimi! Mzio ni wa watoto wa watu, wale wasioweza kukaa chumba kimoja na paka. Mimi nimevuta rangi miaka thelathini bila kupiga chafya. (Najua inasemekana rangi hiyohiyo ndiyo iliyonileta kwako, lakini huo si mzio, hiyo ni kazi.) Dripu sita nimezipokea kama soda, ya saba ndiyo inichukie?

3. Daktari wenu kijana, yule binti wa daftari, alinihoji kama nimekamatwa na gari la wizi: imeanza kuwasha saa ngapi, nimekula nini, nimemeza nini, iliwahi kuwasha kabla? Nikajibu hapana kila mahali. Akachukua damu, akapiga picha shingo yangu. Shingo tu! Na sura yote hii ipo!

4. Sasa Jumatatu anataka kunichoma vitone mkononi, kimoja cha maji, kingine cha dawa iliyozimuliwa, aone kipi kitavimba. Sikatai, hata mimi hujaribu rangi kwenye kona ya ndani ya mlango kabla sijapaka gari zima, lakini gari halina mke wa kulicheka. Kama ni kupima, tupimwe wote. Kipimwe kiti, lipimwe pazia, yapimwe manukato ya Sista Saa. Apimwe na shemeji yangu, aliyeingia kunijulia hali dakika ileile niliyoanza kuwashwa. Tena ningeshauri yeye atundikiwe dripu kwanza. Asipowashwa, dawa haina kosa, tuendelee.

5. Binti anasema mzio ukithibitika, dawa itabadilishwa, au nitapewa kidogo kidogo kutwa nzima huku nikilindwa kama waziri. Daktari, dawa hii imesinyaza uvimbe wangu kutoka limau hadi njegere. Picha nimeziona kwa macho yangu. Msituachanishe. Ifungulieni yote, kasi ileile, sahihi nitaweka mwenyewe. Sauti ikikata tena, niacheni, hadithi nitaimalizia kwa mikono.

Nisalimie Sista Saa, binti wa daftari, mfagiaji anayeimba, na yeyote anayeisoma barua hii juu ya bega lako.

Wako mtiifu, ila kwa hili tu,
Fundi Rangi

N.B. Mke wangu ameisoma barua kabla sijafunga bahasha, akaniuliza lilelile aliloniuliza binti: iliwahi kuwasha kabla? Daktari, dripu ya sita viganja viliniwasha kama nusu saa. Nilivitia mfukoni nikaendelea kuchekesha watu, kwa kuwa nilijua mkiona mtaninyang'anya dawa. Nilidhani mama watoto atanigombeza. Akanishika mkono tu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwambie binti aandike hiyo ya sita. Jumatatu nitafika mapema, shati nimeshalikunja hadi kwenye kiwiko.