Mawimbi Yangu na ya Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Miezi minne sijamwona kaka. Yuko wodini, ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Fomu ya kumlaza niliisaini mimi, yeye akinitazama. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Lakini kwenda siku ya wageni na kuomba msamaha? Uso nautoa wapi?
Leo mdogo wetu, Kitindamimba, kaleta habari. Hospitali inapima mawimbi ya ubongo ya ndugu wa wagonjwa, kuona kama yanaonyesha hatari ya kurithi ugonjwa. Yeye kapimwa, kaitwa tena Alhamisi, siku ambayo kaka naye hupimwa. Yeye! Mimi ndiye ambaye kaka alinibeba mgongoni mpaka darasa la tatu. Nimepiga hesabu: wanaoitwa tena ni wenye mawimbi kama ya mgonjwa. Basi nitayaharibu yangu.

Jumanne, 4 Machi
Kipimo chenyewe, kwa maelezo ya Kitindamimba: unavaa kofia ya nyaya, unasikia mlio uleule, ti, ti, ti, kisha mmoja tofauti. Ubongo hushtuka hata usipojali. Wa kaka haushtuki sana. Nimejizoesha kutoshtuka. Mke wangu kagonga kikombe kwa kijiko, halafu ghafla sufuria. Nimeruka mara zote. Akasema kama namtaka kaka si niende Jumapili kama watu wengine. Mipango haijui huyu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepimwa. Nilipaka mafuta kichwani, nusu kopo, nipendeze endapo kaka atapita. Nyaya zikateleza. Mpimaji akaniosha kichwa kama mtoto. Milio ilipoanza nikauma meno, nikapepesa macho. Mashine ikachora milima. Nikajipongeza kimoyomoyo.
Mpimaji akasema hiyo ni misuli ya taya, si ubongo. Nikachokonoa: nimefanana na kaka? Akasema kipimo hakimtabirii mtu mmoja. Wanalinganisha kundi na kundi, na hatari si hukumu. Wanaoitwa tena ni waliotulia, michoro ikatoka safi. Yangu ni ya kutupa. Njiani machozi yalinitoka, nikasingizia sabuni.

Alhamisi, 6 Machi
Kitindamimba karudi. Eti kaka kaniulizia mimi kabla hata ya salamu. Kasema fomu ile hata yeye angeisaini, na niende Jumapili. Sidanganyiki. Nani anasamehe kabla ya kuombwa? Kitindamimba akasema kuomba kwenyewe ni dakika moja. Mjuaji.

Jumapili, 9 Machi
Nimenyoosha shati. Nimefika getini saa za wageni. Nikamwona kupitia vyuma. Amekonda. Amekaa benchini, kajibana pembeni kabisa, nafasi ya mtu mmoja kaiacha wazi. Kila geti lilipolia aliinua kichwa. Nilitamani kukaa pale kuliko kitu chochote duniani. Nikageuka, nikarudi nyumbani mbio.
Getini palikuwa na tangazo: wodi inatafuta mpishi. Kupika sijui, lakini barua ya maombi nimeshaiandika.