Gia ya Kupanda

Jumatatu, 6 Machi 2006

Baiskeli imefika! Ya mbio, nyekundu, tairi nyembamba. Ni mtumba, lakini nani ataniuliza? Gia ya mbele ni pana kama sahani ya ugali. Derrick, fundi wetu hapa Bungoma, ameshauri niweke ndogo, kwa sababu Jumamosi chama chetu cha baiskeli kinaenda Kitale na njia karibu yote ni kupanda. Nimekataa. Gia ndogo ni za kupeleka mahindi kusagwa posho mill. Hillary, mwenzetu chamani, anayo. Anazungusha miguu kama fundi wa cherehani na haendi popote.

Jioni nikasimama mkutanoni, nikatangaza: mimi kepteni wenu, nikishuka kusukuma hata mara moja, Hillary achukue ukepteni. Makofi! Hillary alipiga kuliko wote.

Jumanne, 7 Machi

Nimejaribu kilima kimoja tu, karibu na Webuye. Nimesukuma. Hakuna aliyeniona ila mama mmoja aliyebeba kuni. Alinipita, akaniambia pole.

Lazima nipate gia rahisi, ya nyuma; hiyo ikiwa kubwa ndiyo kilima huwa chepesi. Kwa siri! Derrick hawezi kufunga mdomo. Nimempigia simu Mzee Madanlal wa Kitale, anayeuza kila kitu cha chuma. Nikamwambia nataka gia ya kupanda, kubwa kabisa, ya kufunga nyuma, naitumia Jumamosi. Akauliza kama navuta na ng'ombe au na trekta. Ana utani huyu mzee! Nikamjibu kwamba navuta na miguu yangu mwenyewe. Halafu akasema pole sana, atanitumia leo leo.

Alhamisi, 9 Machi

Mzigo umefika! Mzito ajabu. Meno yake yana unene wa kidole. Nikamwita mke wangu, Nanyama, aje aone teknolojia. Akasema kijijini kwao, Kwanza, karibu na Kitale, wanazo kama hizo, kwenye mashine ya kupandia mahindi. Nikamwambia mambo ya mbio hayajui.

Nikaipeleka kwa Derrick, siri au si siri. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bwana Wepukhuru, hii ni ya kupanda mahindi. Si ya kupanda kirima, bana!"

Nikapiga simu Kitale nikiwa nawaka. Mzee Madanlal hakutishika.

"Si wewe umesema kupanda? Hii Machi, Kitale nani anapanda kitu ingine?"

Nikamkatia simu.

Ijumaa, 10 Machi

Hillary amesikia. Bungoma nzima imesikia. Amekuja na gia yake ya akiba, ile ya nyuma yenye meno mengi, ati aniazime tu, twende pamoja vizuri. Alinionea huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyoniuma! Nimekataa.

Kesho nitabeba lile dude la chuma mgongoni nikalirudishe. Uzito utasaidia tairi kushika lami. Hilo nimelifikiria peke yangu.

Jumamosi, 11 Machi

Mbele kidogo ya Kiminini magoti yaligoma. Sikushuka! Nilianguka nikiwa bado juu ya baiskeli, miguu kwenye pedeli. Nikawaeleza kwamba kuanguka si kushuka. Wakapiga kura papo hapo, kando ya barabara. Fridah, katibu wetu, alihesabu mikono bila kunitazama. Hillary ni kepteni.

Nimeumia, sitaficha. Niliingia Kitale nyuma ya wote, nikisukuma, lile dude likinigonga uti wa mgongo. Mzee Madanlal alilipokea bila maneno. Akaniwekea mezani gia mbili za baiskeli nichague moja: ya nyuma, ya kupandia milima kweli, na ya mbele, kubwa kuliko hii yangu. Nikachagua upesi, akanifungia.

Jumapili, 12 Machi

Ushindi! Nilichukua ile kubwa ya mbele. Kitale mpaka Bungoma ni kuteremka, upepo masikioni, machozi yananitoka kwa raha. Nilimpita Hillary akizungusha miguu yake bure. Nimefika wa kwanza, mbali kabisa! Watu walikuwa wanatoka kanisani, wakaniona.

Kumbe gia yangu haikuwa na makosa. Ilikuwa haijawa kubwa ya kutosha, basi. Nimemwambia Hillary tushindanie ukepteni upya, mwezi ujao, safari ya Kapsokwony. Amekubali haraka mno. Nadhani anaogopa.

Nanyama ameniuliza kama najua Kapsokwony iko juu mlimani. Najua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kurudi ni mteremko mtupu.