Dawa ya Pedali ya Mzee Iliasi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimegundua dawa ya chuma! Pedali ya freni ya pikipiki yangu ilipinda njiani nikitoka Kabambare. Nikainyoosha kwa nyundo, bila moto. Ikapinda, nikainyoosha tena. Sasa imekuwa ngumu ajabu, nyundo yenyewe inaruka! Serge, fundi wa kuchomelea, anasema eti chuma kipate moto kwanza. Wivu tu. Yeye naye anamtaka Asma, binti wa Mzee Iliasi.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemwendea Jean-Marie, mwalimu wa fizikia, anipe maneno ya kisayansi. Kasema ndani ya chuma chembe zimejipanga mistari, ila kuna mistari yenye kasoro. Ukikunja chuma, kasoro zinatembea, tena zinazaana. Zikiwa nyingi zinazuiana, kama pikipiki za hapa kwetu Salamabila kwenye tope: moja ikikwama, zote zimekwama. Hapo chuma kinakuwa kigumu. Nikatoka mbio! Akaniita, eti bado sehemu ya pili. Ya nini? Nimeshaelewa.

Jumatano, 8 Oktoba
Mzee Iliasi kakubali niitie nguvu pedali ya freni ya pikipiki yake! Nimeikunja na kuinyoosha asubuhi nzima, Asma akitazama. Jasho, lakini jasho la heshima. Mzee kaikanyaga, akasema huyu kijana iko fundi kabisa. Niwalete wazee wangu Jumapili, tuzungumze habari ya Asma. Pole sana, Serge!

Ijumaa, 10 Oktoba
Balaa! Pedali imekatika Mzee akiteremka kilima kwenda kuswali. Kaupita msikiti kanzu ikipepea, kaishia kwenye uwanja wa kanisa, katikati ya kwaya ya Mama Marguerite. Hakuumia, alhamdulillahi. Mama Marguerite anasema hajasikia mtu akimwita Mungu kwa sauti nzuri vile. Jioni Jean-Marie kaja na sehemu yake ya pili: kasoro zikijaa, zinakosa pa kwenda, chuma kinakatika. Moto ndio unaozipunguza. Sasa si angesema mapema!

Jumapili, 12 Oktoba
Wazee wangu wamerudishwa mlangoni. Mzee kasema hampi binti yake mutu wa kukata vyuma. Nimelia, sifichi. Asma kanitetea mpaka baba yake akalegea: ninunue pedali mpya, niifunge kesho, nisiiguse kwa nyundo. Nikiharibu, Asma anakwenda kwa Serge. Nimeapa mbele ya wote.

Pedali ninayo hapa. Mpya, inang'aa. Lakini nimeijaribu kwa mkono: laini mno! Baba mkwe apande kitu kama hiki? Hapana, nampenda mzee yule. Nimeikunja kidogo tu. Imeshaanza kukaza.