Alama Moja kwa Kila Boksi

Jumatatu, 3 Machi

Kaimu meneja wa mradi! Siku ya kwanza. Miguu tayari inauma.

Mradi wenyewe: kuhamisha masjala ya hospitali, yaani mafaili yote ya wagonjwa, kutoka jengo la zamani linalovuja hadi jengo jipya ng'ambo ya ua. Maboksi mia mbili na sitini. Mwisho ni Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi. Mama Mkurugenzi amesema waziwazi: siku hiyo mafaili yakiwa yamekaa mahali pake, neno "kaimu" linaondoka. Yasipokaa, narudi dirisha la mapokezi kugawa namba za foleni, nilikokaa miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja ya kuitwa "wewe mwenye miwani" na watu wenye homa. Sirudi!

Timu yangu ni watu wanne. Bibi Masjala, ambaye ametunza mafaili haya tangu mimi sijaota ndevu. Karani wa kompyuta, anayepiga miayo. Wapagazi wawili, mmoja tunamwita Maneno na mwingine Kimya. Aliyewapa majina hayo hakukosea.

Kikao cha kwanza. Saa mbili na nusu mfululizo. Nilieleza kila nilichokipata kwenye semina ya siku moja kuhusu timu bora. Nikasema timu inahitaji ushindi wa haraka ili ipate ari, hivyo tutaanza na maboksi mepesi. Bibi Masjala akanyoosha mkono. Akasema mepesi ni ya wagonjwa wa sasa, wanaokuja kliniki kila siku, na kliniki bado ziko jengo la zamani. Akashauri tuanze na mazito, ya wagonjwa waliohama na waliotangulia mbele ya haki, maana hao hawana haraka. Nilimshukuru kwa mchango wake. Nikamwambia huo ni mtazamo wa kizamani. Akaushusha mkono taratibu.

Maboksi yaliyohama leo: hakuna. Muda uliisha.

Nyumbani, mke wangu amenikumbusha kwamba kaka yake, yaani shemeji yangu, mkuu wa bohari ya dawa, alihamisha bohari nzima wiki iliyopita kwa siku mbili. Amenikumbusha mara nne. Nilihesabu.

Jumanne, 4 Machi

Maboksi tisa. Tisa tu! Timu haina ari. Mimi mwenyewe sina, lakini kiongozi haonyeshi.

Mchana nilikwenda bohari kumchungulia shemeji. Nilijibanza nyuma ya rafu ya pamba. Wafanyakazi wake wanapanga vitu vya mwisho, wanacheka, na kazi inakwenda. Shemeji mwenyewe amekunja mikono ya shati, ameshika upande mmoja wa kabati, anamuuliza mfanyakazi wake anataka liwekwe wapi. Anamuuliza mfanyakazi wake! Nimeona aibu kwa niaba yake.

Hata hivyo macho yangu hayakulala. Wote walivaa vizibao vya kung'aa, vya rangi ya machungwa. Nikaelewa. Siri ni vizibao.

Shemeji akanikuta pale. Akauliza kama naumwa. Nikasema natafuta pamba. Akanipa pamba, furushi zima, na kunisindikiza hadi mlangoni kwa upole unaoudhi. Nimevuka ua na pamba kwapani, wauguzi wananitazama.

Jioni nikapata vizibao vitano. Ni vya watoto wa shule wanaovuka barabara. Cha Maneno hakifungiki. Cha Kimya kinaishia kifuani. Bibi Masjala amekikunja chake vizuri na kukiweka droo ya chini, akasema atakivaa kikikua.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka nimechoka, lakini nimeamka na wazo. Mashindano!

Nimeigawa timu makundi mawili. Bibi Masjala na Kimya huku, Maneno na karani kule. Kila boksi likipita mlango wa masjala ya zamani, alama moja. Ubao nimeutundika hapo hapo mlangoni, na kila kundi linajiandikia, maana mimi nina vikao. Zawadi ni kiti changu cha ofisini, kile chenye magurudumu. Nimejinyima, lakini kiongozi hujinyima.

Maneno alitaka kujua kama sheria ni hiyo tu. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba ni hiyo tu, boksi likipita mlango, alama moja, sitaki maswali ya kuchelewesha. Akasema ameelewa kabisa. Sijawahi kumwona akitabasamu hivyo.

Kufika jioni: alama tisini na saba! Roho ikanisuuzika. Nilimpigia shemeji simu kumjulia hali. Nikachomeka tisini na saba katikati ya salamu.

Alhamisi, 6 Machi

Alama mia nne na kumi na mbili. Ubao umejaa, wameanza kuandika ukutani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkurugenzi kutoa taarifa. Nikamwambia tumevuka matarajio. Akaniangalia juu ya miwani yake, akasema amefurahi, na kwamba Jumatatu atakuja kuona kwa macho yake. Nikasema karibu sana.

Bibi Masjala alinifuata mara mbili kutaka kuzungumza. Nilimwelekeza ajaze fomu ya mapendekezo. Akasema hana mkono wa kushika kalamu, yote miwili ina boksi. Ndiyo ari ninayoitaka hiyo!

Chakula cha jioni nikamsimulia mke wangu. Akaacha kutafuna. Akauliza jumla ya maboksi ni mangapi. Mia mbili na sitini, nikasema. Akauliza sasa mia nne na kumi na mbili yametoka wapi. Nikamwambia hesabu za uongozi hazifanani na hesabu za sokoni. Akasema haya, Bwana Kaimu, akaendelea kula.

Mimi sikuendelea. Hamu iliniisha ghafla.

Ijumaa, 7 Machi

Niliwahi kazini kabla ya wafagiaji. Nikaenda jengo jipya, nikahesabu. Maboksi ishirini na moja.

Nikahesabu tena, kwa kidole. Ishirini na moja.

Karani alipofika nilimuuliza. Hakuficha kitu, hata miayo hakuificha. Kila asubuhi maboksi mepesi yanahama. Saa nne madaktari wanaanza kuita mafaili, maboksi yanarudi. Mchana yanahama tena. Kila yakipita mlangoni, alama. Baadaye Maneno akagundua kwamba sheria haikusema yanakwenda upande gani, basi hata daktari asipoita, yanarudi tu. Bibi Masjala alikataa mchezo huo siku nzima, mpaka Kimya akamwonyesha ubao kwa kidole, na yeye pia ni binadamu. Boksi namba kumi na nne limepita mlangoni mara thelathini na nane. Karani ameweka kumbukumbu za yote, kwa mstari na tarehe. Hakuna aliyedanganya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikaa juu ya boksi namba kumi na nne. Niliona aibu, ya kweli, ya kupandisha joto masikioni. Zimebaki siku tatu. Niliwaza dirisha la mapokezi, kile kioo chenye tundu.

Kisha nikapiga moyo konde. Kinachokosekana ni hotuba! Nikaita wote wanne. Ili nionekane vizuri nikapanda juu ya kile kiti cha zawadi, chenye magurudumu. Nikasema: "Timu ni..." Kiti kikaenda kushoto, mimi kulia. Kimya akapaza sauti, mshikeni. Neno lake la kwanza tangu Jumatatu, na lilichelewa.

Kiuno! Daktari akataka faili langu kabla ya kunigusa. Bibi Masjala akataja boksi bila kufikiri hata kidogo. Likaletwa mbio kutoka jengo jipya. Nikiwa kwenye machela nilimsikia Maneno akiandika alama.

Nimeamriwa kulala chali siku tatu. Mradi umekwisha, na mimi pamoja nao.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitazama dari tangu juzi. Ina ufa unaofanana na mkia wa panya. Mke wangu alimpigia kaka yake bila kuniomba ruhusa. Sikuwa na nguvu ya kununa.

Saa kumi na moja jioni wakabisha hodi. Timu yangu yote, na shemeji nyuma yao, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wameshika mfuko wa machungwa. Wanacheka. Wakasema wamemaliza.

Sikuelewa. Wakarudia. Maboksi mia mbili na sitini, yote, kwenye rafu zake. Jana wamehamisha mazito. Bibi Masjala alisimama katikati ya jengo jipya akisema hili pale, lile kule, na kila mtu alijua lake. Leo kliniki zimefungwa, hakuna daktari wa kuita faili, wakahamisha mepesi. Shemeji alikuja na watu wanne wa bohari, akauliza Bibi anataka abebe nini, akabeba. Saa tisa walikuwa wanafagia.

Nililia. Siandiki kwamba macho yaliniwasha. Nililia, na mke wangu akanipa kanga yake nijifute. Maneno akasema nisijali, nipumzike. Akasema nipumzike hata mwezi mzima. Wote wakaitikia kwa nguvu, Kimya zaidi ya wote. Karani akaongeza kwamba kiuno si kitu cha kuharakisha, wapo waliokaa miezi mitatu.

Sijawahi kuwa na timu inayonijali hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilikwenda, nikiegemea fimbo. Saa mbili kamili Mama Mkurugenzi akaingia. Akataja majina matatu ya wagonjwa kwa kubahatisha, na Bibi Masjala akatoa mafaili matatu kabla sijahamisha fimbo mkono wa pili. Mama Mkurugenzi akacheka kwa furaha. Akauliza nani aliongoza kazi hii.

Kimya. Si yule mtu; kimya chenyewe. Bibi Masjala alitazama sakafu. Angeweza kusema. Hakusema, kwa kunisitiri, na nilijua ananisitiri.

Heri nami ningenyamaza. Hata sasa naliandika hili kwa uchovu: heri ningenyamaza. Badala yake nikapiga hatua mbele. Nikasema kwamba hiyo ni mbinu ya juu kabisa ya uongozi, kiongozi kujiondoa kwa makusudi ili timu ichanue, na kwamba nilijiondoa tangu Ijumaa kwa hesabu kamili. Shemeji, aliyekuja kushuhudia, akaanza kukohoa.

Mama Mkurugenzi akanitazama, kisha fimbo, kisha kile kiti kilichovunjika Ijumaa, kimesimamishwa kwenye kona. Akasema mbinu imefaulu sana. Akasema basi niendelee nayo. Kuanzia leo meneja wa masjala ni Bibi Masjala, na mimi nijiondoe hadi dirisha la mapokezi.

Walipiga makofi. Kwa Bibi. Na mimi nikapiga, kwa mkono mmoja juu ya fimbo. Iliniuma. Anastahili, na iliniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tatu dirishani. "Wewe mwenye miwani" mara kumi na saba hadi mchana. Nimechoka kuliko nilivyokuwa meneja.

Humu ndani tuko watatu. Mimi, mama yule yule anayeandikisha wagonjwa, na mlinzi yule yule anayepanga foleni. Wamefanya kazi pamoja miaka sita, mbele ya macho yangu, na sikuwahi kuwatazama. Hawasemezani sana. Mama akiinua kidole, mlinzi anajua ni mzee asiyeweza kusimama, anamleta mbele. Mlinzi akikohoa mara moja, mama anajua kuna mtoto mwenye homa kali. Foleni inakwisha kabla ya saa sita, na hakuna anayegombana.

Nimewatazama siku tatu nzima. Hawana malengo yaliyoandikwa. Hawana kikao hata kimoja. Hawajui wako hatua ya ngapi ya timu bora. Inasikitisha! Wamekosa mtu wa kuwaongoza, na kumbe Mama Mkurugenzi ni mwanamke wa busara, alijua ananileta wapi.

Nimewaambia kesho wafike saa moja kabla ya kazi. Mlinzi ameuliza kuna tatizo gani. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitamweleza.