Siku Kanali Alipokataa Kuamka

Jumatatu, 3 Machi 1958. Ruiru.

Leo akili yangu imeng'aa kama sufuria mpya. Niandike kabla haijapoa.

Mimi, Ephantus Kagwe, mtunza fahali wa serikali, nimemlisha na kumsugua Kanali mwaka mzima bila kuona nilichoshika mkononi. Kanali alitoka Ulaya kwa meli. Kifua kama mlango wa kanisa! Kila mwenye ng'ombe hapa anataka ndama wake. Lakini amri ya serikali ni kwamba umlete ng'ombe wako hapa bomani, Jumanne au Alhamisi, ulipe ada, upewe risiti. Watu wa Kalimoni wanalia kwamba ni mbali. Na ng'ombe akipata joto Jumamosi, hajui Jumanne ni nini.

Basi! Ng'ombe asipomfikia fahali, fahali atamfikia ng'ombe. Nami nitalipwa kwa kuku. Kuku haandikiwi risiti.

Jumatano, 5 Machi

Kizuizi kilikuwa Ndambuki, msaidizi wa daktari wa mifugo. Huja kutoka Thika kwa baiskeli, soksi zimevutwa hadi magotini, anajua kila kitu. Nilimwambia fahali wa Ulaya asipotembezwa jioni miguu huvimba. Akaitazama miguu ya Kanali. Akanitazama mimi. Kisha akasema ni kweli, yeye mwenyewe alikuwa akiliwaza jambo hilo, na atamwambia Bwana Daktari kwamba ni wazo lake.

Mwizi mkubwa! Lakini ruhusa nimepata. Hata karatasi ya kuwaonyesha askari barabarani. Mimi niliomba pasi ya kwenda kumwona mama yangu, nikangoja mpaka viatu vikaisha. Kanali ameipata kwa siku moja. Namheshimu sana fahali huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Kalimoni! Kanali alifanya kazi kama trekta. Hakubagua, hakulalamika. Wazee walivua kofia. Nimerudi na kuku na kabichi, na mzee Kaleli ameniahidi mbuzi.

Wamboi, mke wangu, aliuliza kuku wametoka wapi. Nikamjibu kwamba serikali inawatuza wafanyakazi hodari. Akanitazama vile anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekutana na mjinga. Anaitwa Magdalene, mjane wa kijiji cha nyuma ya stesheni. Ana ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya huyo mmoja ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Alinikuta njiani na Kanali, ng'ombe wake yuko na joto. Nikamwambia ana bahati, kuku mmoja atatosha. Akasema kuku anaye, lakini anataka risiti. Nikasema risiti zimeisha. Akauliza zitarudi lini. Nikamweleza kwa upole kwamba ndama huzaliwa vilevile, risiti iwepo isiwepo.

“Kwa ndama ni sawa,” akasema. “Kwangu si sawa. Huyu ni fahali wa watu wote, Baba Njoki. Nikimwiba, maziwa yake nitayauza nikiangalia wapi?”

Akamgeuza ng'ombe wake akaenda zake. Kufika kesho joto litakuwa limepita, itambidi angoje jingine! Nilicheka peke yangu. Lakini nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Mgongo umenyooka, kitambaa safi, haangalii nyuma. Sijawahi kuona karani wa serikali akitembea hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Kanali hataki pumba zake. Pengine ni moyo wa kiburi, maana anajulikana sasa.

Leo ilibidi twende Kalimoni tena, kwa sababu mbuzi wa Kaleli tulikwisha kumla. Wakati wa kurudi Kanali alisimama darajani akakataa kabisa. Nilimsukuma. Nilimsihi. Mwishowe nikamwimbia wimbo wa kanisa, wote, mpaka akasogea kwa aibu.

Na kesho ni maonyesho! Ndambuki ameyapanga: Bwana DC, chifu, wakulima kutoka kila upande. Bwana Daktari yuko likizo Mombasa, kwa hiyo sifa zote ni za Ndambuki. Nimempiga Kanali brashi mpaka anang'aa. Kung'aa ni nusu ya nguvu.

Alhamisi, 13 Machi

Ngai, Mungu wangu!

Kulikuwa na viti, bendera na chai. Ndambuki alihutubu kwa lugha mbili juu ya nguvu za Kanali, akinyoosha soksi kila baada ya maneno machache. Ng'ombe wa chifu akaletwa, amefungwa utepe mwekundu shingoni. Mlango ukafunguliwa. Kanali akatoka.

Akamtazama ng'ombe wa chifu. Akamtazama Bwana DC. Akapiga miayo. Akalala chini.

Nilivuta kamba. Nilimnong'oneza. Akafumba macho. Chifu akauliza kama ng'ombe wake amedharauliwa mbele ya watu. Ndambuki akapiga magoti, akaweka sikio ubavuni mwa Kanali, akatangaza kwamba ni jua. Nikaliunga mkono jua kwa nguvu zangu zote.

Ndipo Magdalene akasimama kule nyuma. Alikuwa amekuja siku ya halali kulipia joto lijalo, ada imefungwa kwenye pindo la kanga.

“Si jua,” akasema. “Amechoka. Jana jioni nilimwona akirudi kutoka Kalimoni. Hata Jumatatu nilimkuta njiani, akipandishwa kwa malipo ya kuku.”

Hakupaza sauti. Bwana DC akauliza ni nani aliyempeleka. Magdalene alinitazama, na naapa aliniangalia kwa huruma.

“Ni Ephantus. Muulizeni mwenyewe. Ana watoto, hatadanganya mbele ya watu wote hawa.”

Nami kinywa kilikuwa tayari kimefunguka nidanganye! Nilikuwa na uongo mzuri sana, wenye mke mgonjwa ndani yake. Lakini baada ya maneno kama hayo ningeutoaje? Nikasema ndiyo, ni mimi. Wakulima wakashusha pumzi. Kanali akakoroma.

Mkubwa wa polisi mwenye bunduki hangenitoa neno hilo. Mama yule alilitoa kwa kuniamini tu. Ni silaha mbaya sana.

Jumatatu, 24 Machi. Thika.

Nimehukumiwa. Miezi mitatu na kazi ngumu. Kazi ya serikali imekwisha, na nyumba ya kazi imekwenda nayo. Hakimu alisema vizuri mno kwamba mtumishi anayeiba mali ya umma humwibia mjane na yatima. Nilikuwa karibu kupiga makofi.

Ndambuki alitoa ushahidi. Lile wazo la kumtembeza fahali? La Ephantus peke yake, akasema. Sasa ndiyo amekumbuka!

Magdalene alisema aliyoyaona, bila chumvi. Hakimu akamuuliza kama ana neno jingine. Akasema aliyeiba afungwe, ndiyo haki, ila watoto hawakuiba.

Kupitia wavu wa lori la jela nilimwona Wamboi amekaa kwenye ngazi za mahakama, sanduku letu kando yake, watoto wamemshika nguo, hajui pa kuelekea. Magdalene akamfikia. Sikusikia waliyosema. Nilimwona tu mama yule akiinama, akalitwika sanduku letu kichwani, akamshika Njoki mkono, wakaenda.

Mwanamke aliyenifunga ndiye anayewalaza wanangu. Nimelifikiria njia nzima. Haliingii kichwani.

Jumapili, 6 Aprili. Pasaka. Jela.

Wamboi amekuja kuniona. Wanabeba maziwa pamoja, yeye na Magdalene, na watoto wamenenepa. Kanali amepona. Ng'ombe wa Magdalene amepandishwa siku ya halali. Magdalene amenitumia viazi vitamu na ujumbe: nitoke nikiwa mtu.

Nililia waziwazi. Nimeapa mbele ya mhubiri wa jela kwamba fahali wa serikali sitamgusa tena maisha yangu yote. Kosa langu nimeliona. Fahali huchoka.

Mimi nakata nyasi kwenye nyumba za wakubwa. Na nakata kwa kitu gani? Kwa mashine! Ina magurudumu mawili, visu vinavyozunguka, mlio kama nyuki. Ukipita unaacha zulia. Nimeipaka mafuta mwenyewe, kwani mali ya umma inahitaji mtu anayeipenda. Jumapili kutwa inakaa stoo bila kazi, inashika kutu. Inasikitisha. Na ng'ambo ya barabara naona bustani za matajiri wa maduka, nyasi zimefika madirishani.

Mashine haichoki, haipigi miayo, haioni aibu mbele ya chifu.

Nimemuuliza askari wa zamu, kwa adabu, kama ufunguo wa stoo hukaa kwake.