Krediti za Nyumba ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 9 Juni

Idi imekwisha, shule imefungwa, na kijiji chetu kizima cha Kiegeani kimekaa kwenye baraza la mtu mwingine. Mimi niko na Bibi. Bibi yuko na mafua.

Lakini leo nimeanza chuo kikuu! Hakuna anayejua. Mwalimu Faraja wa Jiografia, kabla hajavuka kwenda kwao Morogoro, alinipa mwongozo wa kozi ya usanifu majengo wa chuo kimoja cha bara. Kurasa za katikati hazipo. Alisema niusome ili nijue kwa nini nisikimbie Fizikia na Hisabati. Nimeusoma wote. Nimegundua jambo ambalo nadhani hata yeye hakuliona. Krediti moja ni saa kumi za kazi. Kozi nzima ni krediti mia sita. Na haijaandikwa popote kwamba saa hizo lazima zifanyiwe chuoni.

Basi nikianza sasa, kidato cha tatu, nitafika chuoni nimeshamaliza nusu. Watashangaa. Nitawaonyesha hesabu.

Historia ya Usanifu: safari ya shule ya kwenda magofu ya Kua, kisiwani Juani, mwaka jana. Saa nane. Nilitapika mashuani kwenda na kurudi, lakini mwongozo haukatazi kutapika. Kule Juani wenzangu walipigana picha mbele ya magofu. Mimi nilikaa karibu na ukuta wa msikiti wa kale nikitazama mawe ya matumbawe yalivyopangwa. Picha zilipobandikwa darasani simo hata katika moja. Ukuta umo katika mbili.

Fizikia ya Majengo: kukuna nazi huku nikifikiria moshi wa jikoni unatokea wapi. Saa moja. Bibi amesema nikune, nisifikiri, maana tui lina vipande vya kifuu.

Jumanne, 10 Juni

Kikwazo. Kipo mwishoni kabisa mwa mwongozo, kwa herufi ndogo. Kazi ya studio isiyowasilishwa mbele ya jopo la watu wasiopungua watatu haitahesabiwa. Na studio, yaani kazi za kubuni na kuchora majengo, ndiyo karibu nusu ya krediti zote!

Jopo. Watu watatu wakae, watazame kazi yangu, waulize maswali.

Nimetafuta watu watatu. Bibi, mmoja. Haruni alikuwa rafiki yangu, lakini baba yake alihamishiwa Tanga na sasa Haruni ana marafiki wa Tanga. Mama yuko Dar es Salaam kikazi, hupiga simu kila Ijumaa, na mtandao hukatika palepale ninapoanza kueleza. Kwa hiyo Bibi, mmoja.

Suhail ana jopo kila siku. Ni mtoto wa Mzee Mbarouk mwenye duka, tuko darasa moja. Akiinama kufunga kamba ya kiatu, watu sita wanainama naye. Leo nilipita mbele ya duka lao makusudi, nimebeba rula ndefu. Akaniuliza ya nini. Nikasema ya kupimia. Akauliza kupimia nini. Nikasema vitu. Nilipofika nyumbani nikakumbuka jibu zuri sana.

Kazi ya kwanza ya studio inaitwa Makazi ya Mtu Mmoja. Mwanafunzi achague mtumiaji, apange kila kitu kwa kipimo cha mwili wake. Nimejichagua mimi. Nimelala sakafuni nikajizungushia chaki. Bibi amepita, amenitazama, ameuliza kama nimeanguka au nimejilaza. Nimesema ni masomo. Amenivuka akaendelea na safari yake ya jikoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimetengeneza mfano wa nyumba yangu kwa boksi la sabuni. Mzuri! Mwongozo unasema katika nchi za joto nyumba ilale mashariki na magharibi, ubavu mrefu usipigwe na jua, na madirisha yapokee upepo. Nimeweka madirisha manne. Upepo wa kusi utaingia na kutoka kama uko kwao.

Nikauacha upenuni gundi ikauke. Niliporudi, kuku wa Bibi alikuwa amesukuma paa, ameingia kwa juu na kutaga. Nimeandika: Tathmini ya mtumiaji, ameridhika. Nusu krediti.

Alasiri, Kazi ya Kundi. Mwongozo unataka wanafunzi wanne. Nimejigawa. Ukasha wa Kwanza anachora, wa Pili anapima, wa Tatu anapinga, wa Nne hafanyi chochote, kama ilivyo katika makundi yote ya darasani kwetu. Ukasha wa Tatu amesema nyumba ni nyembamba mno, haina pa kumweka mgeni. Wa Kwanza akamuuliza, mgeni gani? Tumevunja kikao.

Uamuzi: kesho nakwenda kualika jopo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nitaanza na Mzee Shamte anayetunza msikiti. Ni mpole, hata asipokuelewa hutikisa kichwa. Nimeandika sentensi ya kumwalika. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kuku.

Alhamisi, 12 Juni, mchana

Siku kubwa! Naandika haraka.

Nilimkuta Mzee Shamte anafagia ua wa msikiti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kuningoja. Sentensi yote ikapotea. Nikaona chepe limeegemezwa ukutani. Nikasema nimekuja kuazima chepe.

Akauliza la kazi gani, maana lile ni la msikiti na halitoki hivihivi. Nikasema nataka kuchimba nyumba ya mtu mmoja.

Akaweka ufagio chini. Akauliza Bibi yangu hali gani, hajamwona tangu Idi. Nikasema Bibi amepumzika. Na kweli, usiku alikohoa sana, nilimwacha amelala fofofo. Akauliza amepumzika tangu saa ngapi. Nikasema tangu alfajiri.

Mzee Shamte akasema maneno ya Kiarabu kwa sauti ya chini, sikuyashika. Kisha akanishika bega. "Sote njia yetu ni hiyo, mwanangu."

Sikujua kama naye aliwahi kutaka usanifu!

Akauliza ni lini. Nikasema natamani iwe leo baada ya alasiri, ila mimi sina watu. Macho yake yakalowa. "Usiseme huna watu," akasema. "Watu niachie mimi."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hivyo. Nimerudi na chepe begani, miguu inataka kukimbia. Mbele ya duka, Suhail na wenzake wote walinyamaza nilipopita. Mmoja akavua kofia. Hatimaye wameanza kuniheshimu.

Nimepiga vigingi ubavuni mwa nyumba, karibu na mpapai. Nimefunga kamba. Nimeanza kuchimba sehemu ya kulala: urefu wangu na kidogo, upana wa mtu aliyekunja mikono, mashariki hadi magharibi, imenyooka kama ilivyoandikwa. Mchanga laini, nimefika magotini. Bibi bado amelala. Sitamwamsha, nataka ashtuke kwa furaha.

Ijumaa, 13 Juni

Jana jioni sikuweza kuandika. Kalamu ilikuwepo, mkono haukuwepo.

Baada ya alasiri walikuja. Si watatu. Kiegeani nzima! Wanaume walitangulia, kofia vichwani, polepole, bila maneno. Nikadhani hivyo ndivyo jopo huingia. Nilikuwa nimesimama kando ya shimo na mfano mkononi. Kila mmoja alinipa mkono, akauacha kidogo ndani ya wangu kabla ya kuutoa. Wanawake wakapita moja kwa moja hadi uani, Bi Zubeda jirani yetu mbele, kanga usoni, analia. Nikadhani ameguswa na vipimo.

Kisha vijana wanne wakakata kona wamebeba jeneza la msikiti. Suhail alikuwa mbele, upande wa kulia. Hapo nikaanza kuwa na wasiwasi.

Nikafungua mdomo. Nikasema karibuni kwenye kazi yangu ya kwanza. Mzee Shamte akawaambia watu kijana amechanganyikiwa, apewe maji.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi, shuka mabegani, pua nyekundu. Akatazama watu. Akatazama jeneza. Akatazama masufuria yake yanavyooshwa na watu wengine.

"Nani kafa?"

Mwisho Bi Zubeda, ambaye kunyamaza humpa homa, akasema, "Wewe, shoga'angu."

Bibi akafikiri. Akapiga chafya.

"Sasa mbona wali haujapandishwa?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Shamte peke yake hakucheka, alishika kifua, akasimulia neno kwa neno nilivyomwambia, nyumba ya mtu mmoja, Bibi amepumzika. Wakaanza kucheka upya. Bi Zubeda akanichapa na pindo la kanga. Akasema siku nyingine Bibi yangu akilala niseme amelala, Kiswahili hakijaadimika kiasi hicho.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyeondoka. Wali ulipandishwa. Bi Muna, rafiki wa Bibi wa tangu utotoni, alikuwa amevuka kutoka Juani kuja kuzika. Walikuwa hawajaonana miaka mingi, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake ndiye aje. Walishikana mikono wakalia kana kwamba kweli kuna aliyekufa.

Kisha Bibi akapiga kofi watu wanyamaze. Akasema mjukuu wake ndiye aliyewaita, basi wamsikilize, maana wameshakuja.

Jopo langu! Nikasoma kutoka kwenye karatasi, karatasi ikiwa mbele ya uso. Nikasoma mwelekeo, upepo, kipimo cha mwili. Mzee Shamte akasema kuhusu mwelekeo yeye hana la kuongeza, ni sahihi kupita kiasi. Bi Zubeda akauliza chungu kitakaa wapi. Swali la kweli! Nikalijibu. Sauti ilitoka.

Suhail alikuwa amechuchumaa, anaifuata kamba kwa kidole kutoka kigingi hadi kigingi. Alizunguka yote. Akainua kichwa.

"Ukasha, mlango uko wapi?"

Nikatazama michoro. Nikatazama mfano. Madirisha manne. Mlango hakuna. Siku zote hizi haukuwepo. Ndiyo maana kuku aliingia kwa juu.

Watu walicheka tena, lakini Suhail hakucheka. Alisema nyumba yenyewe ni nzuri. Alisema Jumamosi asubuhi atakuja tukae tuchore mlango, na ana wazo la kibaraza kwa mbele. Nikasema "Aa." Sijui Aa ilikuwa na maana gani.

Waliondoka baada ya magharibi. Tulibaki na harufu ya wali na mchanga mwingi sebuleni. Bibi alishika ufagio, akaanza kuutoa mchanga. Akasema hakujua kama ana watu wengi namna ile. Akasema alidhani wameshamsahau.

Leo Mama alipiga simu. Nilianza kueleza. Mtandao ulikatika.

Jumamosi, 14 Juni

Krediti za studio nimejipa zote. Jopo lilikuwa kubwa kuliko mwongozo unavyotaka. Kuhusu mlango nimeandika: utashughulikiwa mwaka wa pili.

Suhail alikuja. Kweli alikuja! Bibi hakuwepo, tangu afe haishi kwenda kwa Bi Zubeda. Mimi nilikuwa chumbani. Sentensi ya kumkaribisha niliiandika tangu jana, lakini aliposema hodi nikaona ina kasoro. Nilikuwa nimeandika "karibu tuanze", ambayo ni kama namtuma kazi. Nikaifuta. Akapiga hodi ya pili. "Karibu tukae" ni nzuri zaidi, ila haina usomi. Nikawa baina ya hizo mbili. Akapiga hodi ya tatu.

Hodi ni tatu. Adabu ni hiyo, isipojibiwa unaondoka.

Nilipofika mlangoni alikuwa anakata kona ya mpapai, karatasi zimekunjwa kwapani, na rula. Rula yake mwenyewe. Nikamwita kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Nimefikiri sana. Bila shaka alikuja kuiga kazi yangu. Ukasha wa Tatu anasema sivyo, anasema mtu hanunui rula kwa ajili ya kuiga. Nimemtoa kwenye kundi.

Sasa tatizo limerudi palepale. Kazi inayofuata ni Makazi ya Familia, inataka kundi la watu halisi na jopo jipya. Sijui wanafunzi wengine huwapata wapi watu. Nimewaza tangu adhuhuri, na njia iliyowahi kuleta watu ni moja tu.

Jumatatu nitakwenda kwa Mzee Shamte kuazima chepe. Akiniuliza Bibi hali gani, sitadanganya hata kidogo. Siku hizi matembezi yanamchosha. Nitamwambia amepumzika.